Wanafunzi wangu wanapotea kwenye menyu: nizifute?

Swali: Assalaam aleikum mwalimu. Nafundisha kompyuta watu wazima hapa Lamu, chumba kimoja upande wa Langoni, laptopu tisa za msaada. Wanafunzi wangu ni kumi na mmoja: katibu wa kikundi cha wavuvi, mama wawili wanaopika chakula cha oda, fundi seremala wa milango, na wengine wanaofanya kazi kwenye nyumba za wageni. Tunatumia LibreOffice kwa kazi za ofisini na kivinjari cha Firefox. Shida yangu ni menyu. Mtu akifungua moja, anasahau alichokuwa akitafuta. Wiki iliyopita fundi aligusa kitu, mstari wa vitufe ukatoweka. Akafunika laptopu, akaenda zake, na hajarudi. Nimefikiria kufuta menyu zote nibakishe mbili au tatu. Rafiki yangu anasema niweke ule muundo wa vichupo unaofanana na Word. Tena kuna viongezo: mashine moja inavyo kumi na vinne na sijui nani aliviweka. Nianzie wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Menyu usizifute. Nakuambia kwa mkazo kwa sababu nimeshazifuta mimi, hapa hapa Malindi, na sitaki uyapitie niliyoyapitia.

Nilipewa darasa la watu ambao hawajawahi kushika kipanya. Nikakesha usiku mmoja nikipunguza. Ukihesabu mstari wa juu wa Writer, ile programu ya kuandikia ya LibreOffice, utakuta menyu kumi na moja, kutoka Faili hadi Msaada. Mimi nikabakisha tatu. Darasa likaenda kama maji. Watu waliandika barua siku ya kwanza, wakachapa siku ya pili, nami nikatembea kifua mbele mtaa mzima. Baada ya miezi michache mwanafunzi wangu mmoja akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya pili kazini akanipigia simu, sauti ya chini asisikike na mwajiri: "Mwalimu, kompyuta ya huku imeharibika. Imejaa maneno." Ndipo nikajua kwamba sikumfundisha kompyuta. Nilimfundisha mashine yangu.

Sasa wewe ni mtu wa Lamu, nikuulize. Kutoka Langoni mpaka Mkomani unapita vichochoro vingapi? Huwezi kunijibu, na bado ukiamshwa usiku stima imekatika utafika bila kugusa ukuta. Mgeni aliyeshuka kwenye boti asubuhi anasimama Usita wa Mui na ramani mkononi, anazunguka mara tatu, anarudi palepale kwenye punda yuleyule. Vichochoro ni vilevile kwenu nyote wawili, na wewe idadi yake haikusumbui hata kidogo, maana kila kimoja kiko pale ulipokiacha jana. Lakini mtu akihamisha msikiti mmoja usiku, hata wewe mwenyeji utapotea.

Menyu ni hivyo hivyo. Anayeanza anasumbuliwa na wingi kwa siku chache tu. Kinachomsumbua mwezi mzima ni vitu kuhamahama.

Microsoft walilijaribu wazo lako, kwa namna yao. Kwenye Office 2000 menyu zilifunguka fupi, zikionyesha tu amri ambazo mtu huzitumia, na nyingine zikajificha mpaka usubiri kidogo au ubofye mshale wa chini. Programu yenyewe ndiyo iliyoamua nini kionekane, kwa kutazama unachofanya. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Kwa mtumiaji, kitu alichokiona jana leo hakipo, na kilichokuwa cha tatu leo ni cha tano. Office 2007 ilipokuja na ule utepe wa vichupo, menyu zile za kujificha zikaachwa. Na tangu 1989 watafiti Mitchell na Shneiderman walikuwa wameshapima menyu zinazojipanga upya kufuatana na matumizi dhidi ya menyu zilizotulia, na zilizotulia zilikuwa za haraka zaidi. Kwa hiyo programu yoyote ikikuahidi kwamba itajifunza tabia za wanafunzi wako na kuwapangia menyu, ikatae kwa adabu.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1984, wa John Carroll na Caroline Carrithers wa IBM. Walichukua programu ya kuandikia ya ofisini wakatengeneza toleo la wanaoanza, wakaliita kwa jina la yale magurudumu madogo ya pembeni ya baiskeli ya mtoto. Tazama walivyofanya. Amri ngumu hawakuziondoa kwenye menyu. Waliziacha palepale, ila mwanafunzi akiichagua mojawapo, mashine inamwambia kwamba kazi hiyo haipatikani kwa sasa, basi, anaendelea na kazi yake. Waliojifunza kwa toleo hilo waliandika na kuchapa barua yao mapema zaidi, na walipoteza muda mchache wakijinasua kwenye makosa. Yaani mlango ulifungwa, lakini ulibaki ukutani. Siku ya kufunguliwa, mtu tayari anajua uko wapi.

LibreOffice haina kufuli ya namna hiyo, lakini tunaweza kuikaribia, na kazi yenyewe haianzi kwenye kompyuta. Chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila mwanafunzi amekuja kufanya nini hasa. Siyo "kujifunza kompyuta", hilo halimsaidii mtu. Katibu anataka kuandika kumbukumbu za kikao na orodha ya michango. Mama wa chakula anataka karatasi ya bei yenye picha ya mahamri na biriani. Fundi anataka kumpa mteja makadirio ya mlango, mbao kiasi gani na kuchonga siku ngapi. Halafu kando ya kila kazi andika amri zinazohitajika. Utashangaa zinavyojirudia. Microsoft walipohesabu jinsi watu walivyotumia Word 2003, amri tano tu (kubandika, kuhifadhi, kunakili, kutengua na kukoza maandishi) zilikuwa karibu asilimia 32 ya amri zote zilizotumika. Lakini ukishapita kumi za mwanzo, hesabu inatawanyika, kila mtu na yake. Ndiyo maana huwezi kukaa peke yako usiku ukaamua kipi kifutwe. Mama wa biriani anahitaji kuingiza picha, katibu anahitaji namba za kurasa, na ukifuta kwa kubahatisha utamkata mmoja wao mguu.

(Kuna watakaokuambia menyu isizidi vitu saba kwa sababu akili ya binadamu inabeba saba. Lile andiko la mwaka 1956 la George Miller lilihusu vitu anavyoweza mtu kuvishika kichwani kwa muda mfupi. Menyu iko mbele ya macho, haihitaji kushikwa kichwani. Waache na saba yao.)

Menyu za juu basi ziache zote kumi na moja. Pa kusafishia ni pale jicho linapotua kwanza, kwenye mistari ya vitufe chini ya menyu. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona vipicha arobaini asivyovijua na mkono ukaanza kutetemeka. Bonyeza kulia juu ya mstari wenyewe, utapata orodha ya vitufe vinavyoonekana, kila kimoja na alama ya tiki. Ondoa tiki kwa visivyo kwenye daftari lako. Hujafuta kitu, amri zote bado zimo kwenye menyu. Vitufe kumi au kumi na viwili vinatosha, na kwa darasa lako mimi ningeweka: faili mpya, kufungua, kuhifadhi, kuchapa, kutengua, kukata, kunakili, kubandika, kuingiza picha, na jedwali. Mstari wa pili ubaki na aina ya herufi, ukubwa, kukoza, na upangaji wa aya.

Kisha ongeza ukubwa. Nenda menyu ya Zana, ya tatu ukihesabu kutoka kulia, chini kabisa kwenye chaguo za programu, sehemu ya mwonekano, uchague ikoni kubwa. Watu wazima wengi hawasemi kwamba hawaoni. Wanasema kompyuta ni ngumu.

Na kuna jambo dogo ambalo limenisaidia kuliko yote. Kwenye menyu hiyohiyo ya Zana kuna sehemu ya kujipangia, na ndani yake kichupo cha mistari ya vitufe. Pale unaweza kuamuru mstari uonyeshe kipicha pamoja na maandishi, na unaweza kubadilisha jina la kitufe. Basi yaandike kwa lugha yao. Tafsiri ya programu hizi si jambo geni, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ikiwa kwa Kiswahili, na LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice hiyo. Lakini kwa darasa kama lako neno la kamusi si lazima ndilo neno la mwanafunzi. Kama wote wanasema "sevu", kitufe kiitwe Sevu. Kama wanasema "toa nakala" wakimaanisha kuchapa, kiite Toa nakala. Menyu za juu ziache kwa lugha watakayoikuta kazini, na uzifundishe kwa mahali: ya kwanza kushoto ni ya faili, ya tatu ni ya mwonekano. Mwanafunzi asiyesoma Kiingereza atafika kwa kuhesabu, kama anavyojua duka la nne baada ya kona.

Ukimaliza, bonyeza kulia tena uchague kufunga mahali pa mstari, usivutike. Hilo ni la lazima, na kukosekana kwake ndiko kulikomtoa fundi wako mbio. Nitamrudia mwishoni.

Kuhusu vichupo, rafiki yako hajakosea wala hajapatia, inategemea watu wako wanaenda wapi. Muundo huo uko menyu ya Mwonekano, kwenye kiolesura. Ukiuchagua una kitufe cha kuutumia kwa Writer pekee au kwa programu zote za LibreOffice. Wale wa nyumba za wageni pengine watakuta Word kazini, na utepe wa vichupo utawafanya wajisikie nyumbani. Katibu na fundi watatumia hiyohiyo laptopu ya darasa au ya kikundi, kwao hauna faida. Kama nusu ya darasa wanatafuta ajira, weka vichupo. Kama si hivyo, baki na mistari ya kawaida. Jambo moja tu nakushika nalo shati: mashine zote tisa zifanane. Leo mtu ameketi dirishani, kesho amekuta nafasi mlangoni, na vitufe viwe palepale. Usichanganye miundo kwa sababu mwanafunzi mmoja ameomba.

Sasa viongezo, na hapa nina hasira zangu kidogo.

Kiongezo ni programu ndogo inayojipachika ndani ya programu kubwa. Kinaongeza kitufe hapa, menyu pale, wakati mwingine mstari mzima. Mtu huweka kimoja kwa ajili ya kazi ya siku moja, kazi inaisha, kiongezo kinabaki. Baada ya miaka miwili nyumba imejaa wageni ambao hakuna anayekumbuka nani aliwakaribisha. Kwa anayeanza ni balaa mara mbili: kwanza vitu vinaongezeka mahali ambapo kitabu chochote au rafiki yeyote hawezi kumweleza, pili mashine ya jirani yake haina vitu hivyo.

Kwa hiyo chukua ile mashine yenye kumi na vinne. Fungua orodha, kwenye LibreOffice iko menyu ya Zana, kwenye Firefox iko ile menyu ya mistari mitatu juu kulia, mahali pa nyongeza. Kwa kila kimoja uliza: nani kwenye darasa hili alikiomba? Usijiulize kama kinaweza kufaa siku moja. Kila kitu kinaweza kufaa siku moja, ndiyo maana nyua zetu zimejaa mitungi iliyopasuka. Kisipokuwa na mwenyewe, kizime. Kukizima si kukifuta, kinabaki kwenye orodha kimelala. Andika tarehe kwenye daftari. Wiki mbili zikipita na hakuna aliyekuja kulalamika, kifute.

Vya Firefox vina hatari yake. Unapokiweka, kivinjari hukuonyesha ruhusa kinazotaka, na ile ya kuiogopa ni ya kufikia data yako kwenye tovuti zote. Maana yake kinaweza kusoma kila ukurasa mtu anaoufungua, barua pepe yake, ukurasa wa benki, kila kitu. Kizuia matangazo kinahitaji ruhusa hiyo kwa sababu ya kazi yake. Kiongezo cha kubadilisha rangi au kuonyesha hali ya hewa hakiihitaji, kikiiomba jiulize mwenyewe. Hapa Malindi niliitwa kwa mpokezi wa nyumba moja ya wageni ambaye kila akitafuta kitu mtandaoni analetwa kwenye ukurasa wa ajabu wenye matangazo ya dawa. Alikuwa amepakua programu ya bure ya kugeuza picha kuwa faili la kuchapa, akabofya endelea, endelea, endelea. Ndani ya zile "endelea" mlikuwa na kiongezo. Kukitoa kulichukua dakika mbili. Kumshawishi abadilishe manenosiri yake kulichukua mchana mzima.

Ningekuachia kiongezo kimoja tu kwenye Firefox, uBlock Origin. Matangazo yanakula bando, na bando la darasa unalilipa wewe. Tena matangazo ndiyo yenye vile vitufe vikubwa vya uongo vya kupakua vinavyowanasa wanaoanza. Kwenye LibreOffice bakisha kamusi ya tahajia ya Kiswahili, ili katibu asionyeshwe mistari myekundu chini ya kila neno kama vile kumbukumbu za kikao chote ni makosa. Kumbuka kuiambia hati kwamba lugha yake ni Kiswahili, bila hivyo kamusi ipo lakini haifanyi kazi. Kamusi ni kiongezo cha heshima: haiongezi menyu, haiongezi kitufe, inafanya kazi kimyakimya.

Kabla hujaweka kingine chochote, uliza kama unachotaka si kiolezo. Nimeona watu wakipakua viongezo vya kutengeneza ankara, vya kutengeneza barua rasmi, vya kutengeneza kadi za bei. Vyote hivyo ni hati moja iliyopangwa vizuri mara moja. Andika makadirio ya fundi, jina lake juu, jedwali la mbao na siku, jumla chini. Kisha menyu ya Faili, kwenye violezo, hifadhi kama kiolezo. Kila akitaka mpya anafungua hicho, anajaza. Haiongezi hata kitufe kimoja kwenye skrini. Na kiongezo kinaweza kufa: Novemba 2017 Firefox ilipofika toleo la 57, viongezo vyote vya mtindo wa zamani viliacha kufanya kazi, na watu waliokuwa wameegemeza kazi zao kwenye vile vya zamani waliamka wakakuta havipo. Hati yako ya kawaida haina wa kuizima.

Utataka pia wanafunzi wasiongeze vingine ukigeuka. Akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi ni nzuri, waundie wote, lakini haitoshi, maana viongezo vya kivinjari havihitaji ruhusa ya msimamizi. Firefox inakubali faili dogo la maandishi linaloitwa policies.json, linalowekwa kwenye folda inayoitwa distribution pale programu ilipowekwa, na ndani yake unaweza kuzuia uwekaji wa viongezo vyote isipokuwa ulivyoruhusu. Ni mistari michache.

Yote haya yafanye kwenye mashine moja tu. Usirudie mara tisa, utakosea kwenye ya sita. Mipangilio yote ya LibreOffice, vitufe, majina, violezo na viongezo vya mtumiaji, inakaa kwenye folda moja inayoitwa user. Kwenye Windows iko ndani ya AppData, Roaming, LibreOffice, halafu folda yenye namba 4. Namba hiyo isikubabaishe, imebaki hivyo hata matoleo yameshapanda mbali. AppData huwa imefichwa, uamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa. Funga LibreOffice, nakili folda ya user kwenye flashi, kaibandike mahali pake kwenye mashine nyingine, na uhakikishe zote zina toleo moja la programu. Na kwa kuwa viongezo husafiri ndani ya folda hiyo, usianze na ile mashine ya kumi na vinne. Anza na iliyo safi. Flashi yenyewe iweke mahali pakavu, mashine yoyote ikivurugika unairudisha kwa dakika tano huku mwenyewe anakunywa kahawa.

Na siku huna flashi, menyu ya Msaada ina njia ya kuwasha upya kwa hali salama. Pale unaweza kuzima viongezo vyote kwa mpigo, au kurudisha vitufe na menyu kama vilivyotoka kiwandani bila kugusa hati za mtu. Jifunze hiyo wewe kwanza, kabla ya darasa lijalo. Mwalimu anayejua njia ya kurudi hana wasiwasi, na wanafunzi huuona wasiwasi wa mwalimu haraka kuliko wanavyoiona skrini.

Baada ya wiki nne au tano, waonyeshe mlango wa pili. Mwaka 2002 Joanna McGrenere na wenzake huko Kanada waliwapa watu Word 2000 yenye sura mbili, moja ndogo yenye vitu ambavyo mtu mwenyewe amevichagua, nyingine kamili, na njia rahisi ya kuhama kati ya hizo mbili. Wengi waliipenda ile ndogo, lakini angalia ni nani aliyeichagua: mtumiaji mwenyewe. Kwa hiyo wape wanafunzi wako nafasi. Kila mmoja aongeze kitufe kimoja anachokihitaji kwenye mstari, mwishoni mwa mstari, ili vya zamani visihame. Siku hiyo utajifunza mengi kuhusu darasa lako. Mama wa chakula atakuambia anataka kitufe ambacho hukuwahi kukifikiria.

Na kama LibreOffice yako ni toleo la 7.2 au jipya zaidi, wafundishe Shift na Esc kwa pamoja. Kinafunguka kisanduku, unaandika jina la amri, inakuletea na kukuonyesha imo kwenye menyu gani. Ni sawa na kumuuliza aliyekaa barazani. Ila wafundishe baada ya wao kujua majina machache, asiyejua jina la anachokitafuta hatasaidiwa na kisanduku.

Nimrudie fundi. Ninavyodhani, alitaka kubofya kitufe, mkono ukashika ukingo wa kushoto wa mstari ukavuta badala ya kubofya, mstari wote ukang'oka ukaelea katikati ya karatasi. Akaona msalaba kwenye kona yake, akaubofya ili kitu kile kiondoke mbele yake. Kikaondoka kweli. Hakuharibu chochote. Menyu ya Mwonekano, ya tatu kutoka kushoto, mistari ya vitufe, weka tiki kwenye ule wa kawaida, nao unarudi.

Usimsubiri aje. Nenda karakana kwake, na laptopu. Mkute kazini kwake, pale yeye ndiye mwalimu na wewe ndiye usiyejua patasi ipi inachonga ua. Mfungulie Writer, ung'oe mstari mwenyewe mbele yake, uufunge kwa msalaba, kisha mpe kipanya umwambie, "Mzee, nirudishie."